Mtafsiri wa Magunia Meusi

Wilibrodi hajui Kiingereza. Hajui Kichina, hajui Kihindi, na Kikorea ndiyo kabisa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namchafua mtaalamu. Miaka kumi na tatu amekalia stuli ndani ya banda langu la video hapa Chanji, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu filamu za lugha hizo zote, na sikumbuki siku aliyoelewa hata sentensi mbili zilizofuatana.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mimi nakaa pembeni na kimashine cha sauti chenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha filamu, kingine cha kipaza cha Wilibrodi. Mtu kwenye filamu akifungua mdomo, nashusha sauti yake, napandisha ya Wilibrodi. Bunduki zikianza kulia, narudisha. Basi, ndiyo hivyo. Mzungu anafungua mdomo, anatoka Mfipa wa hapa kwetu.

"Mshikaji, mke wangu umemchukua, na baiskeli yangu pia? Mke nakuachia, rudisha baiskeli!"

Watu wanaanguka kutoka kwenye mabenchi kwa kicheko. Mimi nilikuwa nacheka nao. Miaka kumi na tatu nimecheka, siwezi kukana.

Kwao Wilibrodi ni kijiji cha Msanzi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na dada wa mama yake, Bibi Klementina, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Kwa watoto wote waliopita nyumbani kwake, huyu ndiye aliyekuwa hafai kushika jembe. Mvua zikielekea kuisha, Wafipa hukata majani na udongo wake, wakayageuza ndani na kujenga vichuguu vya duara shamba zima. Wenyewe huviita ntumba. Majani huozea humo, na msimu unaofuata vichuguu husambazwa, udongo ukawa mweusi na laini. Bibi Klementina amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Shamba lake la bondeni halijui mbolea ya dukani. Ni udongo alioutengeneza mwenyewe, kiganja kwa kiganja, mwaka baada ya mwaka.

Wakati yeye akilima, Wilibrodi alikaa ukingoni akiwasemea kunguru. Kunguru wa kwanza padri, wa pili muumini mlevi. Bibi Klementina aliegemea jembe akacheka mpaka akasahau mstari. Huko ndiko alikoharibikia, ukiniuliza mimi. Mtoto aliyegundua kwamba ukimsemea asiyeweza kujitetea watu wanakupa ugali, atafanya nini kingine duniani?

Baadaye walimpa kusoma masomo kanisani, maana sauti anayo, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Wakamwondoa. Jumapili moja alisoma waraka wa Mtume Paulo, akafika mwisho akaona salamu ni chache, akaongeza salamu kwa wana-Msanzi kwa majina, akianza na mama yake mkubwa. Bibi Klementina akasimama kanisani akaitikia. Kisa hicho kilinichekesha sana aliponisimulia, na nikampa kazi siku ileile.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alikuja bandani kwangu mwanamume anaitwa Steven, dalali wa ardhi, koti la ngozi na viatu vinavyometa kwenye vumbi lote hili la Chanji. Alikuwa na flashi. Akasema kuna mwekezaji anataka bonde la Msanzi, watu watahamishiwa juu kule kwenye mawe, watajengewa. Jumamosi kuna mkutano, na baada ya mkutano kuna karatasi ya kuweka dole gumba. Anataka watu waonyeshwe kwanza filamu ya wenzao waliohama, wapate moyo. Atakodi projekta yangu na jenereta. Wilibrodi atatafsiri, na kazi ikienda vizuri atapata pikipiki, awe mtangazaji wa mradi.

"Filamu ya wapi?" nikamwuliza.

"Ya Japani. Safi sana. Ina mabasi, ina nyumba mpya."

Tukaiweka asubuhi ile, tuitazame kabla ya wateja. Binti yangu Brightness alikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, akaketi benchi la nyuma akimenya njegere. Filamu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Haukupita muda akaacha njegere.

"Mama, hawa hawakuhama. Walikimbizwa. Mtambo wa umeme wa nyuklia uliharibika, ikatoka sumu isiyoonekana, ikaangukia mashamba yao. Hao wenye mavazi meupe wanapima sumu."

"Na hayo magunia?" Maana kulikuwa na magunia meusi, makubwa, yamepangwa juu kwa juu mpaka macho yanachoka.

"Udongo. Wamekwangua udongo wa juu wa mashamba yote, wametia humo. Hawajui wautupe wapi."

Nikamgeukia Steven. Alikuwa anajichokonoa meno.

"Nani Msanzi anasoma Kiingereza?" akasema. "Halafu tukiinua shuka kidogo, maandishi yataangukia kwenye ubao mweusi wa darasa, hayataonekana. Wili, wewe utaiweza?"

Wilibrodi alikuwa anatazama shuka, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akitafuta sauti ya mtu. Alipogeuka nikadhani atasema jambo la maana.

"Yule bibi anayekwenda kaburini nitampa sauti ya Kilungu, ya majirani zetu," akasema. "Itafaa zaidi."

Brightness akanitazama mimi. Si Steven, si Wilibrodi, mimi. Nikashika kitambaa nikaanza kufuta meza isiyo na uchafu. Ndivyo nilivyokubali.

Jumamosi tukaenda Msanzi. Baridi ya mwezi wa tano unaijua, watu wamejifunga mablanketi kama wagonjwa. Tulipewa darasa la shule ya msingi, tukafunika madirisha kwa mablanketi mengine ingawa ilikuwa saa nane mchana, tukatundika shuka ubaoni, tumeliinua kidogo kama Steven alivyotaka. Nje, chini ya ukuta, Steven akapanga meza yake, karatasi na kidau cha wino.

Bibi Klementina alikuwa benchi la mbele. Shamba lake ndilo lililo katikati ya bonde, pembeni ya kijito, na yeye ndiye mkubwa pale. Steven alishanieleza njiani, bila haya, kwamba huyo bibi akiweka dole, wengine watajipanga nyuma yake kama bata. Asipoweka, tumechoma petroli bure.

Wilibrodi akapiga magoti mbele yake, akagonganisha viganja taratibu kama Wafipa wanavyosalimu wakubwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Umekonda. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Unakula maneno." Akageukia wenzake, amefurahi, ametoa meno matatu yaliyobaki. "Huyu ni mwanangu. Leo tutacheka."

Filamu ikaanza. Sitasema uongo, alikuwa hodari. Kulikuwa na wakubwa wenye suti wamesimama mstari, wanainama mbele ya wananchi mpaka vichwa vinakaribia magoti. Brightness alisema walikuwa wanaomba radhi. Wilibrodi akasema:

"Tunawashukuru, wazee wetu, kwa kutuachia ardhi! Bila nyinyi sisi si kitu!"

Mnajua maana ya hilo kwa Mfipa? Mkubwa anamwinamia mkulima! Wanawake waliokaa chini wakagonganisha viganja, wakawaitikia salamu wale Wajapani kwa Kifipa, kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nazungusha vitufe vyangu, nimekaza macho kwenye taa ya mashine.

Wenye mavazi meupe wakawa mabwana shamba wanapima rutuba. Mabasi yakawa safari ya bure. Nyumba za mabati zilizopangwa safu zikawa mji mpya, kila mtu na mlango wake.

Halafu yakatokea magunia.

Hawakumsubiri Wilibrodi. Hapa ni Rukwa. Mtu wa hapa akiona magunia yamepangwa juu kwa juu uwanjani, mpaka upeo wa macho, anajua kitu kimoja tu, mwaka umekuwa mwema. Darasa zima likainuka. Vigelegele! Mzee mmoja akapiga fimbo sakafuni.

"Mavuno! Jamani, mavuno hayo!"

"Wanatumia mbegu gani hao?"

"Mbegu ya mwekezaji!" Wilibrodi akadakia, mbio, wala hakumeza mate. "Na mnunuzi yuko njiani!"

Bibi Klementina alikuwa amesimama kwa miguu yake mibovu, anapiga kigelegele, blanketi limedondoka. Wilibrodi alimwona. Nilimtazama kwa makusudi nione kama atatetemeka hata kidogo, huyo ni mama aliyemlea. Akatabasamu. Alitabasamu kama anavyotabasamu bandani mtu anapodondoka kutoka kwenye benchi.

Sijawahi kuona uso wa binadamu ukanichukiza namna ile.

Ikafuata sehemu ya ng'ombe. Banda refu, ng'ombe wamepanga safu, vichwa vyao vimepita katikati ya nguzo wanapofungiwa kula. Wengi wameanguka, mmoja mmoja anasimama, mbavu zote zinahesabika.

"Na mifugo nayo haikusahauliwa!" Wilibrodi akasema. "Mabanda ya kisasa! Hawa wameshiba, wamelala. Kila ng'ombe na chumba chake, wengine hapa hata nyinyi hamna!"

Kicheko kikapita. Ndipo nyuma, mlangoni, mtu akasema, "Simamisha."

Alikuwa Mzee Ngeleja. Msukuma, mfugaji, amekaa ukingoni mwa bonde lile miaka sita. Kwenye mikutano ya Msanzi hapewi kiti wala hatafuti, kazi yake ni kuambiwa ng'ombe wake wamekula maharage ya watu. Hakuwa kwenye orodha ya Steven, maana hana ardhi ya kusainia. Nikasimamisha picha, sijui kwa nini. Akapita katikati ya mabenchi na fimbo yake, akafika kwenye shuka, akagusa nguzo moja ya lile banda.

"Hii nguzo hamuioni?"

Tukatazama. Juu ilikuwa nene kama paja, chini nene kama paja, katikati imekuwa nyembamba kama kifundo cha mkono.

"Imeliwa," akasema. "Na hii. Na hii hapa. Ng'ombe hali nguzo akiwa na mwenyewe. Huyu alifungwa, mwenyewe akaondoka, hakurudi. Amekula mti mpaka akafa amesimama."

"Mzee wangu," Wilibrodi akasema kwenye kipaza, kwa ile sauti yake ya kuchekesha, "ng'ombe wa Kijapani ndivyo walivyo, wanapenda mbao. Wako wewe wanapenda maharage!"

Watu wakacheka. Si wote. Ngeleja hakugeuka hata kumtazama.

"Mimi nimehamishwa mara tatu," akasema, akizungumza na ile nguzo. "Mara ya pili nilifunga ndama saba zizini, nikaambiwa panda gari, utarudi jioni. Nilirudi baada ya siku tisa. Zizi langu lilikuwa la miti, nikaikuta imeliwa kama hii. Hakuna mtu anayeacha ng'ombe hivi kwa kupenda. Hawa watu walifukuzwa mbio."

"Mama, endelea," Steven akaniambia kutoka mlangoni, meno yamebana. "Kama tulivyokubaliana."

Nikaendelea. Kwenye shuka akatokea yule bibi. Mfupi, amevishwa vazi jeupe la plastiki kubwa kuliko yeye, anapita kwenye majani marefu kuelekea mawe mawili ya kaburi. Wilibrodi akashika kipaza, akaanza, na kwa kweli akampa sauti ya Kilungu.

"Aaa, nimekuja kutembea tu, kule mjini nimenenepa mpaka—"

"Wilibrodi." Bibi Klementina hakupaza sauti. "Nyamaza. Mama Brightness, tumsikie mwenyewe."

Steven akatikisa kichwa, ananitazama. Wilibrodi ananitazama. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe, na kwa miaka kumi na tatu mkono huo umejua njia moja tu. Nikazungusha upande wa pili. Nikamshusha Wilibrodi mpaka chini kabisa, nikampandisha yule bibi.

Wilibrodi aliendelea kuchezesha mdomo muda kidogo. Hakuna kilichotoka.

Hakuna aliyejua neno hata moja la yule mama. Alivua glovu, mtu akamkemea kutoka pembeni, hakujali. Akafuta jiwe kwa kiganja kitupu. Akawa anazungumza taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini amechelewa. Halafu sauti ikakatika, akabaki ameshika jiwe, na yule mtu wa pembeni akamwonyesha saa. Muda umekwisha. Akainuka, akavalishwa glovu kama mtoto.

Baada yake likaja greda. Lilikuwa linakwangua shamba. Linakwangua, linamimina kwenye gunia jeusi, wanafunga. Hapakuwa na hindi, hapakuwa na kiazi. Gunia jingine, wanafunga.

"Ni udongo," Bibi Klementina akasema.

Alikaa. Mtu akamwokotea blanketi, hakulipokea.

"Ni udongo ule. Na sisi tumepiga vigelegele. Tumeupigia vigelegele msiba wa watu."

"Mama mkubwa," Wilibrodi akasema bila kipaza, sauti yake imekuwa ndogo, sikuwahi kuisikia ikiwa tupu namna ile, "mimi ni mtafsiri tu. Nimetafsiri."

"Ulijua?"

Akaanza kufuta kipaza kwa shati. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno la kumpa kunguru!

Bibi Klementina akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Bibi. Shikamoo." Hilo la shikamoo sijui lilitoka wapi. Hakuniitikia, na haki yake.

Nje Steven alikuwa keshakaa mezani, mfuniko wa kidau wazi, anaita majina kana kwamba hakuna lililotokea. "Klementina! Tuanze na mama yetu Klementina!" Bibi alitoka, mgongo umepinda, akielekea mezani moja kwa moja, na watu nyuma yake wanamtazama. Alipofika aliinama akaitazama karatasi, ingawa hasomi. Halafu akatema mate. Si kwenye karatasi, mwanamke yule ana adabu, pembeni, karibu na kiatu kinachometa. Akapita. Akashuka bondeni. Waliokuwa nyuma yake wakapita vilevile, mmoja baada ya mwingine, kama bata hasa, na karatasi ikabaki nyeupe. Steven amesharudi huko mara mbili tangu siku ile, na karatasi yake bado nyeupe. Mwezi uliopita niliambiwa Ngeleja amepewa kiti mkutanoni.

Tulipokuwa tunapakia jenereta niliwaona chini kule. Bibi Klementina ameshika jembe, anakata majani, anageuza udongo, anajenga ntumba kama siku nyingine yoyote. Wilibrodi amesimama ukingoni, palepale alipokuwa akikaa utotoni, mikono inaruka hewani. Alikuwa anaeleza. Yule mama hakuegemea jembe, hakugeuka. Aliendelea kukata. Mwisho Wilibrodi akachoka, akapanda mlima, na alipofika kwenye gari akachuma majani, akainua mguu, akafuta udongo wa mama yake kwenye kiatu. Kimoja, halafu cha pili, taratibu, mpaka kwenye soli.

Nilimwacha apande nyuma na jenereta.

Jumatatu saa tisa alikuja bandani, amenyoa, ananukia.

"Bosi, leo tunaonyesha nini?"

"Ya Wakorea."

"Poa." Akavuta stuli yake. "Ile ya Msanzi isikusumbue. Wazee wale, wiki mbili watakuwa wamesahau. Mama mkubwa namjua, nitampelekea sukari."

"Ana jembe la ziada," nikamwambia. "Mpelekee mikono."

Akacheka, kwa kuwa alidhani nafanya utani. Watu wakaingia, wakajaa mabenchi, wengine wanamwita kwa shangwe. Akashika kipaza, akakohoa, akakipiga kwa kidole.

"Haloo, haloo, Chanji mpo?"

Hakusikika. Kitufe chake nilikuwa nimekizungusha mpaka chini kabisa kabla hajaingia.